Jina la Mbinu na Kazi ya Mbinu: Uhakiki wa Ufahamu wa Istilahi za Kifasihi kwa Mifano ya Tunduma na Mkoa wa Songwe

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna istilahi za kifasihi zinavyoeleweka na kutumiwa katika usomaji wa fasihi ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba kukariri fasili ya istilahi hakutoshi kuifahamu. Istilahi hueleweka pale msomaji anapoweza kuonesha kazi inayofanywa na mbinu iliyotajwa ndani ya matini, pamoja na kile ambacho kingepotea kama mbinu hiyo isingetumika. Hoja inajengwa kwa mifano ya lugha na mazingira ya Tunduma na Mkoa wa Songwe, sambamba na kazi teule za Shaaban Robert, Ebrahim Hussein na Penina Muhando. Istilahi zinazochunguzwa ni tashibiha, sitiari, lakabu, taswira, ishara, kinaya, kejeli na ritifaa. Mwishoni makala yanarejea katika uhusiano wa fani na maudhui.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili nchini Tanzania hukutana na istilahi za kifasihi mapema katika masomo yake. Hadi anapomaliza kidato cha nne, hutarajiwa kutofautisha fani na maudhui, muundo na mtindo, tamathali za semi na mbinu nyingine za kisanaa. Mara nyingi maarifa hayo humfikia katika umbo la orodha: jina la mbinu, fasili yake na mfano mmoja. Mfano wenyewe huwa uleule miaka yote: fulani ni mrefu kama mlingoti, fulani ni simba. Mwanafunzi huyo anapotakiwa kuhakiki riwaya, huandika kwamba mwandishi ametumia tashibiha, sitiari na takriri, kisha huendelea na kipengele kinachofuata. Sentensi ya namna hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, haijasema lolote kuhusu riwaya hiyo, kwa kuwa yaweza kusemwa kuhusu karibu riwaya yoyote.

Tatizo hili ni la nchi nzima, lakini Mkoa wa Songwe unalidhihirisha kwa namna ya pekee. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016 na makao yake makuu yakawekwa Vwawa, una lugha kadhaa za jamii, zikiwemo Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali na Kilambya. Kwa watoto wengi wa vijijini, Kiswahili ni lugha ya pili. Istilahi za kifasihi, ambazo nyingi zina asili ya Kiarabu, huja juu yake kama tabaka la tatu. Kwa hiyo ni rahisi kwa mwanafunzi wa Momba au Ileje kudhani kwamba sitiari na kinaya ni mali ya vitabu, au mali ya watu wa pwani, ilhali mazungumzo ya nyumbani kwao yamejaa mbinu hizo. Hasara yake ni mbili: usomaji wake wa vitabu hubaki wa juujuu, na usemi wa jamii yake huonekana hauna sanaa.

Makala haya ni uhakiki wa kimaelezo. Sentensi za mifano zilizomo, isipokuwa misemo inayotajwa kuwa imezoeleka, zimetungwa kwa ajili ya mjadala huu.

2.0 Asili ya Istilahi na Mgongano wa Maana

Istilahi nyingi za tamathali katika Kiswahili zimetokana na elimu ya balagha ya Kiarabu. Asili hiyo kwa kawaida huachwa nje ya darasa, ingawa ndiyo ingeweza kuwa mlango wa ufahamu. Neno sitiari limetokana na dhana ya kuazima: jina la kitu kimoja limeazimwa na kitu kingine. Tashibiha inahusiana na kushabihiana. Tashihisi inahusiana na neno linalomaanisha mtu, ambalo pia limezaa istilahi ya shakhsia. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba sitiari ni kuazima ana swali la kuuliza mara moja: kimeazimwa nini, kutoka wapi, na anayeazima anapata nini? Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba sitiari ni tamathali inayolinganisha vitu bila kutumia viunganishi hana swali lolote. Anachoweza kufanya ni kutafuta neno "kama" na kuhakikisha kwamba halipo.

Hali ni hiyohiyo katika ushairi. Sheikh Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alifafanua istilahi za jadi ya utunzi ambazo zenyewe ni sitiari. Ubeti unatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba. Kituo ni mahali pa kusimama. Mizani ni chombo cha kupimia uzito. Kijana wa Tunduma ameona malori yakipandishwa kwenye mizani ya barabarani na kuzuiwa yakizidisha uzito. Akioneshwa kwamba mshororo nao hupimwa kwa silabi zake, na kwamba kuzidi au kupungua huonekana papo hapo, atakuwa ameielewa istilahi kutoka katika maisha yake mwenyewe.

Pamoja na faida hiyo, asili ya nje imeleta mgongano. Katika balagha ya Kiarabu, majazi ni matumizi ya neno nje ya maana yake ya asili kwa jumla. Katika ufundishaji wa Kiswahili, hasa nchini Kenya, neno hilo limebanwa likawa na maana ya kumpa mhusika jina linalolingana na tabia yake, mbinu ambayo pia huitwa lakabu. Kinaya nayo katika Kiarabu ni kusema jambo kwa kukusudia kile kinachoambatana nalo. Katika uhakiki wa Kiswahili imekuwa ni ukinzani kati ya kinachosemwa au kutarajiwa na hali ilivyo. Kazi kama Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia (2003) ya K. W. Wamitila zimesaidia sana kuziweka istilahi hizi pamoja na kuzifafanua. Lakini kamusi haiwezi kumsomea mtu matini. Inaweza kumwambia lakabu ni nini; haiwezi kumwambia kwa nini lakabu inafaa hapa na haifai pale.

Tazama Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert. Mshitakiwa anaitwa Karama na mshitaki wake ni Waziri Majivuno. Msomaji anajua upande wenye haki kabla ya kusikia hoja hata moja, kwa kuwa hukumu imekwisha kutolewa na majina. Mbinu hiyo inaifaa hikaya inayokusudia kufundisha, lakini ina gharama yake: inamnyima msomaji nafasi ya kumwonea shaka Karama. Linganisha na Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando, ambamo wanawake wanaitwa Bi Moja, Bi Pili na kuendelea hadi Bi Nane. Tarakimu haihukumu tabia. Inasema kwamba mwanamke huyu angeweza kuwa yeyote, na kwamba jamii imemhesabu bila kumjua. Mhakiki anayeandika tu kwamba waandishi wote wawili wametumia majina yenye maana ameziweka kazi mbili zinazopingana katika kapu moja.

3.0 Tashibiha na Sitiari: Foleni na Njia za Panya

Tunduma ni mji wa mpakani. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam huingia Zambia hapo kupitia Nakonde, na malori hupita kuelekea Zambia kwenyewe na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Foleni ya malori ni sehemu ya mandhari ya mji. Chukua sentensi tatu kuihusu:

(a) Foleni imelala barabarani kama chatu aliyeshiba.
(b) Foleni ni chatu aliyeshiba.
(c) Foleni ni shamba lililokomaa.

Kwa fasili ya darasani, (a) ni tashibiha, (b) na (c) ni sitiari, na kazi imekwisha. Kwa msomaji makini, kazi ndiyo imeanza. Katika (a) neno "kama" linaacha nafasi kati ya vitu viwili. Msemaji anakiri kwamba anafananisha, na msikilizaji yuko huru kukataa. Katika (b) nafasi hiyo imezibwa, na chatu yuko mbele yetu. Ukubwa, uzito na utulivu wake vinatujia pamoja na hofu: chatu aliyeshiba hatembei, lakini yu hai, na amekwisha kumeza kitu. Swali linalofuata ni amemeza nini. Huenda ni siku za dereva ambaye mzigo wake haujafika.

Sentensi ya (c) inaweka wazi jambo jingine. Dereva hawezi kuitamka kwa urahisi, ila mama lishe anayepita kando ya malori na vyakula vyake anaweza. Kwake, foleni ndefu ni mavuno. Foleni ni ileile. Kilichobadilika ni mahali anaposimama msemaji. Hivyo sitiari hutueleza habari za mambo mawili kwa wakati mmoja: kitu kinachosemwa na mtu anayekisema. Uhakiki unaoishia kutaja jina la mbinu humpoteza huyo wa pili, ambaye katika riwaya ndiye mhusika au msimulizi.

Jambo hili lina uzito mkubwa zaidi katika sitiari zilizozoeleka kiasi cha kutoonekana tena kuwa ni sitiari. Vijia vinavyovuka mpaka bila kupita kituo cha forodha huitwa "njia za panya" katika taarifa za habari na katika mazungumzo ya kawaida nchini kote. Panya huja gizani. Hula nafaka asiyoilima. Huzaana, na dawa yake ni mtego. Sifa hizo zote huazimwa na kuwekwa juu ya mtu anayepita katika kijia hicho. Ni kweli kwamba magendo yapo na kwamba taifa hupoteza mapato. Lakini mpaka huu ulichorwa kati ya himaya ya Wajerumani na ya Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, na Wanyamwanga wako pande zote mbili. Kwa mtu anayekwenda kumwona shangazi yake mgonjwa, kijia hicho ni njia tu. Sitiari imekwisha kumhukumu kabla hajaulizwa alikuwa anakwenda wapi.

Hapa ndipo ufahamu wa istilahi unapoacha kuwa suala la mtihani. Mtu anayeweza kuiona sitiari ndani ya msemo wa kila siku anaweza kuamua kama anakubaliana na hukumu iliyomo. Asiyeiona hukubali bila kujua kwamba amekubali.

4.0 Taswira na Ishara: Kimondo, Nguzo na Maji

Istilahi mbili zinazochanganywa mno ni taswira na ishara. Kimondo cha Mbozi kinaweza kusaidia kuzitenganisha. Kimondo hicho, ambacho sehemu yake kubwa ni chuma, kipo Ndolezi, kina urefu wa takribani mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Mwandishi akieleza weusi wake, vishimo vilivyo juu ya uso wake na ubaridi wake asubuhi, amejenga taswira: picha inayoingia kwa milango ya fahamu. Akisema kwamba habari ya kifo ilitua nyumbani kama kimondo, ametumia tashibiha. Bado hakuna ishara.

Sasa tuchukulie kwamba yumo katika hadithi kijana anayekwenda kuketi kando ya kimondo kila ndugu yake mmoja anapohama kijiji kutafuta kazi ng'ambo ya mpaka, na kwamba mara ya mwisho anakwenda yeye mwenyewe akiwa na mkoba. Hapo kimondo kimeanza kubeba maana ya kitu kilichotoka mbali kikabaki, mbele ya watu wa hapa wanaoondoka. Hakuna sentensi moja iliyoifanya kazi hiyo. Imefanywa na urudiaji, mpangilio na mahali pa tukio katika hadithi nzima. Tofauti basi ni hii: sitiari inaweza kukamilika ndani ya sentensi moja, ilhali ishara ya kifasihi huhitaji kazi nzima. Ndiyo maana mwanafunzi asiyesoma kitabu chote anaweza kuokota sitiari, lakini hawezi kuifikia ishara.

Katika Nguzo Mama, nguzo ambayo wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha ni ishara kwa maana hiyo. Ukiambiwa kwamba nguzo ni ukombozi wa mwanamke, umepewa jibu sahihi lakini pungufu. Maana yake inapatikana katika jitihada zinazorudiwa na kuvunjika, katika sababu tofauti zinazomwondoa kila mwanamke kwenye kamba, na katika ukweli kwamba tamthilia inakwisha nguzo ikiwa haijasimama.

Ebrahim Hussein anakwenda mbali zaidi katika Kinjeketile (1969), tamthilia inayotokana na Vita vya Maji Maji vya 1905–1907. Ndani ya tamthilia hiyo, maji yanayotolewa na Kinjeketile yanawaunganisha watu waliokuwa wametengana. Kama ishara ya umoja, maji yanafanya kazi: watu wanaungana kweli. Tatizo linaanza ishara inapochukuliwa kuwa kitu chenyewe, yaani maji yanapoaminiwa kuwa yatazuia risasi. Kinjeketile anaingiwa na shaka na kutaka watu wangoje, hawangoji. Inaweza kusemwa, basi, kwamba mojawapo ya dhamira za tamthilia hii ni usomaji wa ishara na gharama ya kuisoma vibaya. Mwanafunzi anayeandika kwamba maji yametumika kama ishara, bila kuongeza neno, ameipita dhamira hiyo akiwa ameigusa kwa mkono.

5.0 Kinaya na Kejeli

Tamthilia hiyohiyo inatufikisha kwenye kinaya. Mtu aliyewapa wengine imani ndiye wa kwanza kuitilia shaka, nao wanaendelea kuamini kwa nguvu zaidi yake. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa tamko hilo lingevunja ari ya vizazi vijavyo. Anayeshuku ndiye anayeilinda imani. Hakuna anayedhihakiwa hapa. Hii ni kinaya, na mwanafunzi anayeiita kejeli atalazimika kutafuta mtu anayechekwa, asimpate.

Kejeli ina mlengwa. Msimamizi anayemwambia kibarua aliyechelewa, "Hongera kwa kuwahi," anakejeli. Maneno yanasema sifa na sauti inasema lawama. Kinaya yaweza kutokea bila mtu yeyote kuikusudia. Dereva anayesafirisha mitungi ya gesi kwenda nchi jirani, ilhali nyumbani kwake wanapikia kuni mbichi, yumo ndani ya kinaya hata kama hajawahi kuwaza hivyo. Kipimo chepesi ni kuuliza: je, yupo anayekusudia kumchoma mwingine? Kama yupo, tuna kejeli, ambayo huenda imetumia kinaya kama chombo. Kama hayupo, tutazame pengo kati ya tarajio na hali, na tuulize nani analiona: mhusika, msimulizi au msomaji peke yake.

6.0 Ritifaa na Maarifa Aliyonayo Msomaji Tayari

Ritifaa, yaani kumsemesha marehemu au asiyekuwepo kana kwamba yupo na anasikia, huhesabiwa miongoni mwa istilahi ngumu. Hata hivyo, ni wachache ambao hawajawahi kuisikia. Mwombolezaji msibani akilia, "Mwenzetu, umetuachia nani?", ametumia ritifaa. Ametumia pia tashititi, kwa kuwa anauliza swali lisilotaka jibu. Mwanafunzi aliyezoea orodha hutaka kujua ipi kati ya hizo ndiyo sahihi. Zote mbili ni sahihi. Swali la kihakiki ni ipi inayobeba uzito zaidi mahali hapo: je, kinachotuuma ni kwamba marehemu anasemeshwa, au ni kwamba swali halina wa kulijibu? Katika kilio hiki, nguvu inatoka katika kukutana kwao. Anayeulizwa ndiye pekee ambaye angeweza kujibu, naye ndiye asiyeweza.

Mfano huu unaonesha kwamba ufahamu wa mbinu hautegemei Kiswahili cha vitabuni. Lugha za Kibantu, zikiwemo za Songwe, zina utajiri mkubwa wa tanakali sauti. Hadithi za usiku za bibi na babu husimama juu yake. Mwalimu anayeanza na kile ambacho mwanafunzi amekisikia msibani, sokoni au jikoni, kisha akakipa jina, anamfundisha istilahi. Anayeanza na jina na kutarajia mwanafunzi akakitafute kitu chenyewe baadaye anamfundisha msamiati mtupu.

7.0 Kurejea kwa Fani na Maudhui

Istilahi za jumla kuliko zote nazo zinapaswa kupimwa hivi. Uhusiano wa fani na maudhui hufafanuliwa mara nyingi kwa mfano wa kikombe na chai, au wa pande mbili za sarafu. Mifano hiyo yenyewe ni tashibiha, na ni haki kuihakiki. Kikombe na chai vinadokeza kwamba maudhui yaweza kumiminwa katika chombo kingine bila kubadilika. Jaribu kumimina Kinjeketile katika sentensi "umoja ni nguvu": shaka ya Kinjeketile, ambayo ndiyo uhai wa tamthilia, itamwagika. Sarafu ni bora zaidi kwa kuwa pande zake hazitengani, lakini hakuna upande unaouzaa mwingine.

Kwa msomaji wa Mbozi, wilaya inayolima kahawa, mfano wa karibu zaidi ni kahawa yenyewe. Namna ilivyochumwa, ilivyomenywa, ilivyooshwa na ilivyoanikwa huingia katika ladha, na hakuna anayeweza kuitoa ladha hiyo baadaye na kuacha kahawa tupu. Mfano huu nao una mpaka wake, kwa kuwa mnywaji hashiriki kuitengeneza kahawa kama msomaji anavyoshiriki kuitengeneza maana. Faida yake ni kumkumbusha mhakiki kwamba mbinu ni hatua katika utengenezaji wa maana, si pambo lililowekwa juu baada ya maana kukamilika.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejenga hoja kwamba istilahi ya kifasihi ni mwanzo wa swali. Baada ya kuitaja, msomaji anapaswa kueleza ni nini kinachofanyika mahali hapo, kwa mtazamo wa nani, na nini kingepotea kama jambo hilo lingesemwa wazi bila mbinu. Kwa maswali hayo, lakabu za Kusadikika zimetengana na tarakimu za Nguzo Mama, ishara ya maji imetengana na sitiari ya kawaida, na kinaya imetengana na kejeli.

Inapendekezwa kwamba ufundishaji na upimaji vitoe nafasi kubwa zaidi kwa maelezo ya mfano mmoja uliochambuliwa kwa kina kuliko utajaji wa mifano mitano isiyoelezwa. Inapendekezwa pia kwamba usemi wa jamii zinazomzunguka mwanafunzi uwe ghala la kwanza la mifano. Kijana wa Tunduma anayejua kwa nini kijia cha kijijini kwao kinaitwa cha panya, na nani aliyekiita hivyo, ameshika chombo ambacho kitamfaa mbele ya riwaya, gazeti na hotuba yoyote atakayokutana nayo.